Maji ya rangi za mikeka na batiki: titani, zinki oksaidi au mkaa wa vifuu tu?

Hapa naongelea kusafisha maji yanayobaki baada ya kupika rangi, na niseme mapema ili asiye na muda aondoke na kitu. Kama maji yako ni ya batiki, yale yenye kostiki, nano, yani unga wa chembe ndogo mno kama wa titani, isiwe kitu cha kwanza kuwaza. Kama ni maji ya kuchemshia chane za mikeka, zile rangi za waridi na zambarau zinazowaka mpaka macho yanauma, hapo jua na titani iliyogandishwa kwenye kigae inalipa, ila itanguliwe na mkaa. Zinki oksaidi nimeiweka mkiani na nitasema kwa nini. Wenye muda tuendelee.

Mambo yalianzia kwa shangazi yangu Mikindani. Yeye na wenzake wanapika rangi uani, leo chane za milala, kesho vitambaa vya batiki, na maji yakishatumika yanamwagwa kwenye kamtaro kanakoteremka mpaka kwenye mikoko, na miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza. Siku moja maji yamekupwa kina mama wanaookota chaza wakakuta tope lina uwaridi kama mtu kamwaga juisi, basi maneno yakaanza, na shangazi akanipigia simu: "Baba, wewe si ndo ulisoma hiyo kemia, njoo utuambie tumwage wapi." Mimi nafundisha tuisheni ya kemia hapa Mtwara mjini, nikapanda bajaji nikaenda, nikawaambia kwa kujiamini kabisa kwamba kuna unga ukiutia kwenye maji juani unakula rangi. Shangazi akaniuliza, "Rangi zote?" Nikanyamaza. Haya yote ninayoandika hapa yametokana na lile swali.

Kwanza unga wenyewe unafanyaje kazi, kwa kifupi. Titani dioksaidi na zinki oksaidi ni semikondakta, mwanga wenye nguvu ya kutosha ukizipiga elektroni inaruka na kuacha tundu, tundu linanyang'anya maji elektroni na kutengeneza radikali za haidroksili, elektroni iliyoruka nayo inakamata oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, na hao wawili ni wakorofi kwelikweli, wanaishambulia molekuli ya rangi na kuikatakata mpaka ukisubiri vya kutosha inabaki kaboni dioksaidi, maji na chumvichumvi. Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda ndo walioifanya dunia iitazame titani kwa namna nyingine mwaka 1972, japo wao walikuwa wanapasua maji wapate haidrojeni, hawakuwa na habari na rangi za nguo. Nano inaingiaje? Kazi yote inafanyika juu ya ngozi ya chembe, na chembe zikiwa ndogo zaidi ngozi inakuwa kubwa zaidi kwa uzito uleule. Ile titani maarufu ya maabara inaitwa P25, chembe zake zina kama nanomita 21, gramu moja tu ina eneo la mita za mraba 50 hivi, yani sebule kubwa imekunjwa ikaingia kwenye kijiko cha chai.

Sasa tatizo lake. Titani ya aina ya anatasi inahitaji mwanga wa chini ya nanomita 388 hivi ndo iamke, na hiyo ni miale ya urujuanimno, ambayo kwenye jua linalotufikia ni kama asilimia 4 au 5 tu. Zinki oksaidi ni hivyohivyo, hata kidogo zaidi. Unaweza kuliona hili bila kifaa chochote: unga ni mweupe, na kitu cheupe maana yake kinaurudisha mwanga wote tunaouona bila kuutumia. Ndo maana watu wa maabara wakahangaika na unga wa manjano, kaboni naitraidi, ambao tangu 2009 umepata umaarufu kwa kuwa unakula mpaka mwanga wa bluu, kwenye nanomita 460 hivi, na eti unaweza kuutengeneza kwa kuchoma yuria kwenye chombo chenye mfuniko kwa digrii 550. Yuria ileile ya shambani, ndiyo. Usijaribu jikoni, inatoa amonia na gesi zingine za kukutoa roho. Kuna na kadmiamu salfaidi, inakula mwanga mwingi zaidi lakini ikikaa juani inajimomonyoa yenyewe na kadmiamu inaingia majini, hiyo sioni hata haja ya kuijadili, utakuwa umetoa waridi umeweka sumu.

Asilimia 5 inasikika kama kitu kidogo ila jua tunalo. Mtwara iko digrii 10 na kidogo kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari ni mvua na mawingu, hiyo haitusaidii sana. Oktoba ndo yenyewe, korosho zinaokotwa, ardhi imekauka, saa sita mchana huna kivuli.

Haya, titani na zinki ana kwa ana. Ukisoma matokeo ya maabara utakuta zinki oksaidi mara nyingi inalingana na titani au hata inaipita, na wengi wanaishia hapo wanasema si tuchukue zinki. Shida ni kwamba maabara wanatumia maji safi yaliyotiwa rangi moja kidogo, miligramu 10 au 20 kwa lita, wakati beseni la shangazi ukizamisha mkono huoni vidole. Alafu zinki oksaidi ni kigeugeu: ukiitia kwenye asidi inayeyuka, ukiitia kwenye kostiki kali inayeyuka vilevile, na hata ukiiacha kwenye maji ya kawaida chini ya jua inajila taratibu. Ikiyeyuka zinki inaenda wapi? Inaenda kwenye mikoko, na viumbe vidogo vya baharini zinki nyingi haiwapendezi. Yani wale kina mama wa chaza waliolalamikia waridi safari hii wasingeona kitu cha kulalamikia, na hiyo kwangu ni mbaya zaidi. Titani hakuna kitu cha jikoni kitakachoiyeyusha, si ndimu si siki si magadi.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawasemi ni chaji ya ngozi ya unga. Titani kwenye maji yenye pH (kipimo cha uasidi, 7 ndo katikati) ya juu ya 6 na nusu hivi ngozi yake inakuwa hasi, zinki inabaki chanya mpaka kwenye 9. Rangi za mikeka nyingi ni za jamii ya besiki, molekuli zake zina chaji chanya, ndo maana zinashika majani na nyuzi ngumu za mimea bila dawa nyingi. Chanya inaifuata hasi. Kwa hiyo kwenye maji ya kawaida ya bomba rangi ya mkeka inaifuata titani yenyewe, na zinki inaikimbia. Kwa rangi zile za kuchovya baridi kwa magadi mambo yanageuka, zile zina chaji hasi, unashusha pH mpaka 5 hivi kwa siki ndo titani izikamate. Karatasi za kupimia pH si ghali, nunua.

Na kabla hujauliza maana nimeshaulizwa mara tatu: rangi nyeupe ya ukutani ina titani, ndiyo, haifai. Titani ya kwenye rangi ya ukuta imevishwa koti la silika au alumina makusudi ili isile rangi yenyewe ukutani. Unaitia kwenye maji unapata maji ya waridi yenye chokaa, basi.

Sasa batiki. Hapa ndo nilipokula jeuri yangu. Nilikuja na unga wangu mfukoni nikakuta maji ya batiki ya siku ile yananuka kibiriti, yanateleza vidoleni kama sabuni, maana yale ya rangi za vati yanapikwa na kostiki na haidrosalfaiti. Hayo maji ukiyatia titani juani haifanyi kitu cha maana, haidrosalfaiti inakula oksijeni yote ambayo kichocheo, yani huo unga, kinaihitaji, kaboneti inazikamata zile radikali kabla hazijaifikia rangi, na weusi wa maji unazuia mwanga usishuke hata nusu kidole. Ukiyatia zinki ndo kabisa, inayeyuka.

Lakini waliojibu ni wenyewe wapikaji. Mama mmoja pale akaniambia, "Mwanangu, hii bluu ikiwa ndani ya beseni si bluu, ni kijani cha ndizi mbichi, ukiitoa ikapigwa na upepo ndo inakuwa bluu." Nikabaki namtazama. Si ndo jibu lenyewe hilo! Rangi za vati kwa asili haziyeyuki kwenye maji, zinayeyushwa kwa nguvu na haidrosalfaiti, na zikipata hewa zinarudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Kinachotokea kwenye kitambaa kinaweza kutokea kwenye maji machafu. Kwa hiyo tukayaacha wazi kwenye ndoo pana usiku kucha, tukayakoroga kila tukipita, asubuhi maji yamegeuka bluu ya kweli na hayanuki tena, ndo tukaanza kutia siki kidogokidogo mpaka karatasi ya pH ikasema karibu na 7, alafu shabu iliyosagwa, koroga, acha. Mchana wake matope ya bluu yamelala chini kama uji, juu maji karibu meupe. Tahadhari moja nzito: usitie siki wala ndimu kabla haidrosalfaiti haijaisha, asidi ikikutana nayo inatoa salfa dioksaidi, hiyo gesi inakaba koo. Na shabu nayo ukiitia kostiki ikiwa bado kali haitulii, inayeyuka tu na kupotea. Subiri hewa, kisha siki, kisha shabu, kwa mpangilio huohuo. Hakuna nano hata chembe hapo na sioni cha kuipiku kwa bei.

Basi tuje kwenye mikeka ambako nano inapata hadhi yake.

Chane zikishachemshwa, maji yanayobaki sufuriani bado yana rangi nyingi iliyoyeyuka kabisa, shabu inazipata hizi kwa tabu. Nikafanya jaribio dogo ambalo nakushauri ulifanye kabla ya kununua unga wowote kwa mtu yeyote. Nilichukua chupa nne za jemu zenye vioo safi, kila moja nikatia maji ya waridi niliyoyapunguza makali mpaka nikaona kidole changu kwa upande wa pili. Ya kwanza juani bila kitu. Ya pili ina titani, nikaifunika na sufuria. Ya tatu ina titani, juani. Ya nne ina mkaa wa vifuu uliosagwa, kivulini. Nilizipanga saa nne asubuhi.

Kufika saa sita ile ya gizani nayo ilikuwa imepungua rangi, mtu angesema titani inafanya kazi hata gizani. Tazama chini ya chupa: unga umekuwa wa waridi. Umeinywa tu rangi, haujaila. Ile ya juani unga wake ulianza wa waridi ukarudi mweupe, na hiyo ndo alama ya kutafuta, unga unaojisafisha wenyewe. Mtu akikuletea unga wa miujiza akakuonyesha maji meupe, mwambie akuonyeshe na unga ulioko chini.

Kitu kingine shangazi ndo alikiona. Ile chupa ya juani haikufifia moja kwa moja kutoka waridi kwenda maji, ilipita kwanza kwenye umanjano wenye ukijani unaong'aa. "Umetia ndimu?" akaniuliza. Sijatia kitu. Rangi ya waridi inayong'aa namna ile ina tabia zote za rodamini B, rangi moja ya viwandani, na rodamini ikianza kushambuliwa juu ya titani inavuliwa vikundi vyake vya pembeni kimoja baada ya kingine, kila kikitoka rangi inasogea kutoka waridi kuelekea manjano. Kwa hiyo maji yanaweza kukuonyesha hayana waridi tena kumbe molekuli bado ipo nzima kiunoni, imevuliwa nguo tu. Na hata umanjano ukiisha usiseme yamekuwa safi, vipande visivyo na rangi vinaweza kuwa bado vinaelea humo na jicho halivioni. Yaachie saa nyingi zaidi baada ya rangi kwisha, mimi naongeza nusu siku nyingine. Na hata hapo ni maji ya kumwaga, si ya kunywa, wala usiyachanganye na ile habari ya kuweka chupa za plastiki juani kwa muda wa saa sita kuua vijidudu, ile ni ya maji ya kunywa yaliyo meupe tayari na haina uhusiano na rangi.

Mkaa je? Ile chupa ya nne saa sita ilikuwa meupe kuliko zote. Lazima niseme ukweli, ilishinda kwa kasi, na mkaa wa kuchomewa uani haufikii hata ule wa dukani uliokorezwa, ambao gramu moja ina mita za mraba 500 mpaka zaidi ya 1000, mara kumi hadi ishirini ya P25. Vifuu vya nazi huku ni vya bure, vinatoa mkaa mgumu mzuri. Maganda ya korosho najua mtayawaza, yapo milima na milima, lakini yale mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unatesa macho na kifua, kama huna tanuru la kueleweka yaache. Udhaifu wa mkaa ni kwamba hauui kitu, unahamisha. Rangi iliyokuwa kwenye ndoo sasa iko kwenye gunia, ukijaa haunywi tena, ukiutupa mtaroni mvua inairudisha palepale, ukiuchoma jikoni unavuta wewe moshi wake. Titani inakula polepole ila inakula kweli na kesho iko tayari tena. Ndo maana siwachagui kama wapinzani, mkaa unabeba mzigo mkubwa mpaka maji yanapitisha mwanga, titani inamalizia kilichobaki.

Limebaki la unga mtupu au unga uliogandishwa, na hapa nilikosea mwanzoni. Unga mtupu ni mwepesi kutumia, nusu gramu mpaka gramu moja kwa lita, unakoroga, kasi nzuri. Ukimaliza uutoe. Jaribu kuchuja chembe za nanomita 21 kwa kitambaa cha kanga! Tuliuchuja kwa kanga mbili zilizokunjwa, maji yakapita meupe kama ya tui jepesi, tukayaacha siku mbili yakatulia nusu tu. Ukiyamwaga hivyo umeipeleka titani baharini pamoja na hela yako. Na ukiwa mkavu usiupulize, kuvuta vumbi lake si salama, wataalamu wa saratani wa shirika la afya la dunia wameuweka kwenye kundi la vinavyoshukiwa kwa kuvuta hewani. Funga barakoa, loanisha kwanza.

Uliogandishwa ni mwingine. Unaukoroga na maji uwe kama chokaa nyepesi, unapaka kwenye migongo ya vigae, ule upande wa kokoto usio na ung'aavu, unakausha alafu unachoma digrii 450 hivi. Nilisaidiwa tanuru dogo la maabara kwa hilo. Usidhani moto wa kuchomea vyungu utafaa, ule unapanda kupita 600 na anatasi inaanza kugeuka rutaili ambayo kwa kazi hii ni dhaifu. Vigae vinalala kwenye sinia pana, maji yanapita juu yake kina cha kidole kimoja kilicholala, si zaidi. Ni polepole kuliko unga, labda mara mbili au tatu kwa macho yangu, ila huchuji chochote, unainamisha sinia na maji yanatoka. Kila baada ya siku kadhaa vigae vinapakwa utando, unavisugua na maji safi unavianika juani vikavu, vinaamka. Wahispania kule Almería wana mitambo ya vioo vya kukusanya jua kwa kazi kama hii, sisi tuna sinia za kuanikia dagaa, na tatizo tunalopigana nalo ni lilelile: mwanga ufike kwenye ngozi ya kichocheo kabla maji hayajaumeza.

Maji ya kisima cha karibu na bahari nayo yana chumvi na bikaboneti nyingi, yanaipunguza kasi, tuliyaona yakichelewa sana kuliko ya mvua. Kama una tangi la mvua, suuzia chane kwa hayo.

Kwa sasa uani kwa shangazi kuna ndoo mbili za batiki zinazolala wazi usiku, pipa moja la mkaa wa vifuu na mchanga, na masinia sita ya vigae upande ambao mwembe hautupi kivuli. Matope ya bluu na mkaa uliochoka vinakauka na kuingia kwenye gunia la nailoni chini ya bati, bado tunatafuta wa kuvipokea. Kina mama wa chaza walikuja wakatazama, mmoja akachovya kidole kwenye sinia akaunusa, akasema hauna harufu, akaondoka. Mvua zikishika kuanzia Desemba masinia yanaingia stoo mpaka Mei, mkaa unabaki peke yake, na wamekubaliana kipindi hicho wasuke zaidi nyeupe na wapike rangi kidogo, maana hatuna mahali pa kuyaweka maji yakisubiri jua.